Spika Haijifii

Spika ya kushoto ndiyo iliyoanza. Ilikuwa mwaka 2011, jioni moja baada ya magharibi, baba amekaa barazani kwetu Chumbageni, Tanga, anasikiliza kanda zake za taarabu kama ilivyokuwa kawaida yake. Akaniita: "Hebu njoo mwanangu. Humo ndani kuna mtu anakunja makaratasi?" Nikasogeza sikio kwenye spika. Kila besi ilipogonga kulikuwa na mkwaruzo, krr, krr, na sauti ya mwimbaji ilitoka kama imefungiwa ndani ya debe.

Spika zile zilikuwa na heshima yake nyumbani. Baba alizinunua mwaka 1989, za mtumba, kwa jirani aliyekuwa anahama. Masanduku mawili ya mbao, kila moja na spika ya inchi 8 ya besi na twita, spika ndogo ya sauti za juu, juu yake. Mama alizifunika vitambaa vya kufuma, na juu ya vitambaa akapanga picha za harusi. Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapa hapa Tanga, sisi watoto tulivijulia humo. Kwa hiyo zilipoanza kukwaruza, hakuna aliyetamka neno la kununua nyingine.

Nikafungua skrubu, nikatoa kitambaa cha mbele. Ule mduara wa sponji unaoishika pembeni koni, yaani ule uso unaotikisika, ambao mafundi wengi huuita mpira, haukuwapo tena. Vilibaki vipande vyeusi vinavyonata kidoleni kama lami. Nikajua ni panya. Nilitega mitego sebuleni wiki nzima.

Hakukuwa na panya. Sponji ile ni ya poliyurethani, na adui yake ni unyevu. Maji yaliyomo hewani huila polepole mpaka inakuwa unga wa kunata, hata kama spika imekaa tu kabatini haipigwi. Miaka kumi na tano, ishirini, imekwisha, na sisi wa pwani tuna unyevu mwaka mzima. Ukifungua spika ya zamani ukakuta imeachia pembeni mzunguko mzima, usimlaumu panya wala mtoto. Gusa mpira wa ile nyingine unayodhani ni nzima. Kidole kikitoka na weusi, na hiyo siku zake zinahesabika.

Wakati ule sikuyajua hayo. Nilikuwa nafundisha fizikia sekondari na niliona hiyo inatosha. Nikaagiza mpira wa inchi 8 kwa mtu aliyekwenda Kariakoo, nikaubandika kwa supagluu, nikarudisha skrubu. Kazi ya nusu saa. Sauti ikatoka, na ndani yake mkwaruzo mwingine mwembamba sana, wa kusikika pale tu muziki unaposhuka. Niliusikia. Nikauacha.

Wiki ya pili yake dada yetu alikuwa anaolewa. Spika zikatolewa uani, zikafungwa kwenye amplifaya ndogo ya kuazima, vijana wakafungua sauti mpaka mwisho. Ilipofika saa nne usiku nikasikia harufu. Aliyewahi kuunguza mota ya feni anaijua harufu ile, vanishi ya waya inayoungua, kali na tamu kwa pamoja. Spika ya kushoto ikanyamaza. Baba hakusema kitu usiku ule. Asubuhi, kabla sijamaliza kumwamkia, akaniambia, "Itafutie fundi."

Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, alikuwapo mzee mmoja fundi redio. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, upana wa milango miwili, na redio zilipangwa mpaka darini. Nikampa shikamoo, nikaweka spika mezani.

"Marahaba. Imekufaje?"

"Imeungua, mzee."

"Sikukuuliza ina nini, mwanangu. Nimekuuliza imekufaje. Spika haijifii. Kuna kitu kimeiua, na usipokijua hicho, mimi nitakutengenezea leo na kesho kitaiua tena."

Nimeshafungua spika nyingi tangu siku ile, na swali hilo ndilo ninaloanza nalo kabla ya kushika bisibisi. Iliwahi kuanguka? Ilipigwa wapi mara ya mwisho, na amplifaya gani? Ilikatika ghafla au ilianza kwa kukoroma? Ilinyeshewa? Mtu akinijibu vizuri, nusu ya kazi imekwisha.

Nikamweleza yote, pamoja na supagluu. Hakunikemea. Aliilaza spika chali, akatandaza vidole vya mikono miwili kuizunguka koni, akaibonyeza chini taratibu, sawasawa pande zote, akaiachia. "Inama usikie." Nikasikia kama msasa. Akachukua wembe, akakata kile kikofia cha katikati ya koni, akaelekeza taa ndani. Koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, ilikuwa imeungua, lakini haikuungua sawa. Upande mmoja nyaya zilikuwa nyeusi na zimechubuka hadi shaba ikaonekana. Upande wa pili zilikuwa na rangi yake.

"Uliubandika mpira upande mmoja umevutika. Koili ikawa inasugua chuma. Sugua, sugua, vanishi ikatoka, nyaya zikagusana. Hapo spika ilikuwa mgonjwa tayari. Halafu mkaipeleka harusini."

Ili jambo hili lieleweke inabidi kujua spika inafanyaje kazi, na haina mambo mengi. Nyuma kuna sumaku nzito. Katikati ya sumaku kuna mwanya wa duara, mwembamba, na ndani ya mwanya huo koili ya waya inaning'inia bila kugusa popote. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili inasukumwa mbele na nyuma, na koni iliyobandikwa juu yake inasukuma hewa. Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani waliieleza spika ya namna hii mwaka 1925, na sabufa inayouzwa leo dukani bado inafuata mpango huo huo. Kinachoifanya koili ikae katikati ni vitu viwili tu. Mbele ni ule mpira, na nyuma ni ile sahani ya kitambaa yenye mawimbi mawimbi ambayo mafundi huiita spaida. Nafasi iliyobaki kati ya koili na chuma kila upande haifiki milimita moja. Ndiyo maana mpira uliobandikwa kwa haraka unaweza kuua spika nzima.

Na amplifaya nayo ilikuwa na sehemu yake. Watu wengi huogopa amplifaya kubwa, na kweli amplifaya kubwa yaweza kuichana koni. Lakini zilizoletwa kwangu zimeungua, nyingi zimeunguzwa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa. Ikishafika mwisho wa nguvu zake haiwezi tena kupandisha mawimbi ya sauti, inayakata vichwa. Sauti inakuwa chafu, na umeme unaokwenda kwenye koili unaongezeka pasipo muziki kuongezeka, unageuka joto. Mawimbi yaliyokatwa yana mlio mwingi wa juu, na wa juu unakwenda kwenye twita, ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele. Wiki mbili baadaye niligundua kuwa twita ya sanduku la kulia, ambalo tulidhani limenusurika, nayo ilikuwa imekatika usiku ule ule. Hatukujua kwa sababu wufa, ile spika ya besi, ilikuwa inapiga. Siku hizi nikiwa shughulini nikasikia sauti imeanza kuchanika, nakwenda mwenyewe kumwomba anayeshika mitambo ashushe kidogo, hata kama simjui.

Mzee alikataa kuitengeneza. Alisema nitaitengeneza mimi na yeye ataangalia. Alikuwa anasuka koili kwa mkono, kazi ambayo mpaka leo sijaiweza sawasawa, lakini kwa ile yetu alisema ninunue iliyosukwa tayari. Nikapima kwa rula, nikapata milimita 25 na kitu, nikaagiza. Ikaja ya 25.5. Haikuingia. Nusu milimita! Mzee akanipa kalipa yake, kifaa cha kupimia vipenyo, akaniambia nipime lile bomba dogo koili ilipozungushiwa, mara tatu, sehemu tatu, maana likiungua linapinda. Kumbe ilikuwa 25 kamili. Nikaagiza tena na kusubiri siku tano.

Kutoa koni na spaida bila kuvichana kunataka uvumilivu. Tunapaka tina kwenye gundi ya zamani kwa brashi ndogo, tunasubiri ilainike, tunachokoa kwa kisu kisicho kikali, tunapaka tena. Ilinichukua alasiri nzima. Mabaki ya mpira niliyakwangua kwa wembe mpaka ukingo wa koni ukawa safi, kwa sababu gundi mpya juu ya uchafu wa zamani haishiki. Mwanya wa sumaku Mzee aliusafisha kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Anaikunja, anaizungusha ndani ya mwanya, anaitoa imejaa vumbi la chuma. Ukipuliza hutoi kitu, sumaku imelishika.

Kisha ikaja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mzee alitoa kwenye bahasha picha ya eksirei ya zamani, ya mkono wa mtu, akaikata vipande vyembamba kama njiti za kiberiti lakini virefu. Akavipenyeza kimoja kimoja kati ya koili na kile chuma cha katikati, juu, chini, kushoto, kulia, halafu katikati ya hivyo, mpaka vikawa vinane vimesimama kama uzio. Eksirei ni ngumu kiasi, haivimbi, na unene wake ni wa kufaa. Mwanya ukiwa finyu zaidi anatumia karatasi. Koili ikawa imeshikwa katikati kabisa, haina pa kwenda. Hapo ndipo tukapaka gundi kwenye spaida na kuibandika, tukaacha hadi kesho yake. Kesho yake zamu ya mpira, kwanza kwenye koni, ukauke, halafu ndipo kwenye fremu. Gundi ilikuwa ile nyeupe ya maseremala, inayokupa dakika kadhaa za kusogeza mpira kwa vidole mpaka ukae. Supagluu haikupi nafasi hiyo, na ikikauka inakakamaa wakati mpira unatakiwa uchezecheze. Koili yenyewe kwenye koni tuliibandika kwa gundi ya mirija miwili, kwa kuwa hiyo inastahimili joto.

Ukweli, sehemu ngumu ni kusubiri. Siku mbili nzima spika imelala mezani na vijiti vyake vya eksirei. Mwanangu wa miaka sita akawa anauliza kila asubuhi kama imepona.

Tulipovuta vipande vya eksirei, Mzee akanipa mita. Spika iliyoandikwa omu 8, omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, ikipimwa kwa mita husoma 6 au 7 hivi, usishtuke. Ya omu 4 husoma 3 na kitu. Isiposoma kabisa, kuna pahali pamekatika, aghlabu koili au nyaya zake. Ikisoma chini mno, tuseme 2 kwa spika ya omu 8, nyaya zimegusana, na ukiifunga hivyo itaondoka na amplifaya. Yetu ikasoma 6.4. Nikabonyeza koni kwa vidole kumi kama alivyofanya yeye siku ya kwanza, nikainamisha sikio. Kimya. Ikashuka na kupanda kama inapumua.

Kikofia kikarudishwa, nikabeba spika yangu nyumbani. Nikafunga nyaya, nikawasha. Besi hakuna! Kila spika peke yake inapiga vizuri, zikipiga pamoja zinakuwa nyembamba kama redio ya mfukoni. Nilikaa chini nikafikiri kwa muda mrefu, halafu nikakumbuka fizikia yangu mwenyewe. Nilikuwa nimelehemu nyaya za koili kinyume, chanya kwenye hasi, kwa hiyo moja ikisukuma hewa nyingine inaivuta. Betri moja ya saa, ya volti 1.5, inatosha kulijua hilo. Gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika, mara moja tu na kuachia, koni iruke kuja kwako. Ikirudi ndani, nyaya zimepishana. Toka siku hiyo kila upande wa chanya naupaka rangi ya kucha nyekundu ya mke wangu, ambaye sasa ananinunulia chupa yangu.

Baba aliletewa kiti sebuleni. Sikuweka sauti kubwa. Kanda ilianza na udi, halafu fidla, halafu sauti ya mwanamke. Alisikiliza upande mmoja wa kanda mpaka ukaisha bila kusema. Kisha akaniambia nigeuze.

Habari ikaenea mtaani, na watu wakaanza kuniletea za kwao. Nyingi zilizosemwa zimekufa hazikuwa zimekufa. Zaidi ya yote nimekuta zile nyaya mbili laini za kusuka zinazotoka kwenye vituo vya nyuma, pale nyaya za amplifaya zinapofungwa, kwenda kwenye koni. Zimetengenezwa kwa shaba nyembamba iliyozungushiwa uzi, zinapinda kila besi inapogonga, na huku kwetu chumvi ya bahari inazila. Spika inayopiga kwa sauti ndogo halafu inakatika ukiongeza, tazama hapo kwanza. Ya kwanza niliiunga kwa waya wa kawaida wa umeme, nikaona ni imara zaidi. Baada ya wiki tatu ikarudi imekatika pale pale, na ilikuwa inapiga mbuu kwenye koni. Waya ule lazima uwe laini kama uzi. Siku hizi kila spika isiyotengenezeka naikata nyaya zake naziweka kwenye kopo, ni akiba.

Madrasa ya jirani waliniletea spika yao ya honi iliyokuwa inatoa sauti ya puani. Ndani ya shingo nilikuta nyumba ya nyigu wa udongo, imekauka kama tofali. Niliivunja kwa kijiti, sauti ikarudi pasipo kulehemu kitu chochote. Nilipopanda kuifunga nikaikuta imeelekezwa juu kidogo, nikaishusha iinamie chini. Honi inayotazama mbinguni inachota mvua.

Zipo nilizozirudisha kama zilivyokuja. Spika iliyoanguka sumaku ikasogea siigusi tena. Niliwahi kuibandua sumaku nikidhani nitairudisha katikati kwa macho. Sikuweza, na hata mwanya ukitafutika, sumaku iliyotengwa na vyuma vyake inaweza kupoteza nguvu. Ya mtu ilikuwa, nikamlipa. Na kwenye amplifaya siingizi mkono. Spika iliyochomolewa haina umeme wa kukudhuru, lakini amplifaya ina kapasita kubwa zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Anayetaka kujifunza nyumbani aanze na spika, na amplifaya ampelekee fundi.

Mzee alikuwa na tabia moja. Kabla ya kufunga spika aliandika nyuma ya sumaku, kwa penseli, mwaka na kilichoiua. Hakuandika jina la mwenye spika wala bei. Yetu aliiandika: "2011. Mpira. Harusi." Alifariki mwaka 2016, na kibanda sasa kinauza vocha.

Mwaka juzi kijana mmoja wa bodaboda alinijia na spika ameifunga kwenye shuka, kaitoa nyumbani kwa bibi yake Pongwe. "Mwalimu, shikamoo. Hii bibi anasema usipoiweza wewe basi." Nikamuuliza imekufaje. Akasema ilikuwa inakatika ukiongeza sauti, mwisho ikakatika moja kwa moja. Nikaigeuza. Nyuma ya sumaku, chini ya vumbi, kulikuwa na mwandiko ninaoujua: "1994. Waya wa kulia."

Nikawasha taa, nikapitisha kidole kwenye nyaya zote mbili. Wa kulia ulikuwa mzima, risasi yake bado inang'aa. Uliokatika ulikuwa wa kushoto.